Manowari ya kisasa inagongwaje na meli ya mizigo?

Msomaji mmoja wa Tanga, kijana anayesomea uafisa wa meli, ameniandikia: "Shikamoo Kapteni. Nimesoma kwamba mwaka 2017 manowari mbili za Marekani ziligongana na meli za biashara na mabaharia 17 wakafa. Hilo ndilo jeshi la wanamaji lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani. Wapo wanaosema fedha zilipunguzwa, wapo wanaosema watu walikuwa wachache, wengine wanalaumu viongozi. Ukweli ni upi? Na je, wamejirekebisha?"

Marahaba, mwanangu. Yote matatu yamo, na moja lilizaa jingine. Fedha zilipobanwa, watu walipunguzwa. Watu walipopungua, waliobaki walikosa muda wa kujifunza na muda wa kulala. Na wakubwa ambao kazi yao ilikuwa kusema "kwa hali hii meli haitoki" ama hawakusema, ama walisema wakapuuzwa. Ukinilazimisha nichague moja, nitachagua uongozi, na sababu zangu nitakupa. Lakini nianzie chumba cha usukani, kwa kuwa huko ndiko utakakofanya kazi, na kwa kuwa anayeanzia kwenye bajeti hupotelea kwenye tarakimu asiwakumbuke waliokufa.

Tarehe 17 Juni 2017, yapata saa saba na nusu usiku, manowari ya Marekani USS Fitzgerald ilikuwa kusini mwa Japani, imetoka bandari ya Yokosuka, inakwenda noti 20 hivi, yaani maili 20 za baharini kwa saa, na kukata njia ya meli za biashara. Upande wake wa kulia ilikuwa inakuja ACX Crystal, meli ya makontena yenye bendera ya Ufilipino. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, hizohizo utakazofanyia mtihani, hazina utata hapo: meli mbili zenye injini zikikatana njia, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Fitzgerald haikupisha kwa wakati. Haikupiga honi tano fupi za hatari. Haikuita kwa redio. Afisa wa zamu hakumwamsha nahodha, ingawa amri za kudumu za nahodha zilimtaka amwite meli nyingine zinapokaribia namna ile.

Omo, yaani sehemu ya mbele, ya ACX Crystal ilibomoa chumba alimolala nahodha wa Fitzgerald, na mabaharia wake wakalazimika kuvunja mlango ili wamtoe. Chini ya maji, ile sehemu iliyotokeza ya omo ilitoboa tundu la karibu mita nne kwa tano kwenye bweni walimolala mabaharia 35. Maji yalijaa kwa muda wa dakika moja hivi. Walitoka 28.

Sasa uliza kuhusu rada, maana najua hapo ndipo akili yako ilipokwenda. Rada zilikuwepo na zilikuwa zinafanya kazi. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulikuta kwamba waliokuwa zamu hawakuzirekebisha ipasavyo zionyeshe meli za jirani, na baadhi yao hawakuijua rada kwa kiwango ambacho wewe utadaiwa kabla hujapewa cheti. Walio kwenye chumba cha mapambano, penye skrini nyingi kuliko chumba cha usukani, hawakuwasaidia wenzao wa juu, na wenzao wa juu hawakuwauliza. Chombo kizuri mikononi mwa mtu asiyefundishwa humpa utulivu wa uongo, na hilo baharini ni baya kuliko kukikosa.

Majuma tisa baadaye, tarehe 21 Agosti, ikawa zamu ya USS John S. McCain kwenye njia ya kuingia Singapore, mahali penye msongamano wa meli kuliko karibu pote duniani. Nahodha alikuwepo chumba cha usukani. Aliona mshika usukani analemewa kushika mwelekeo na mwendo kwa pamoja, akaamuru kazi igawanywe: mmoja abaki na usukani, mwingine wa meza ya pembeni achukue mwendo wa injini. Meli hiyo iliongozwa kwa skrini za kugusa. Katika kuhamisha, usukani nao ukahamia meza ya pili bila wao kutambua. Mshika usukani akaona meli haimtii, akatangaza kwamba usukani umepotea. Ikaamriwa mwendo upunguzwe, lakini kwenye skrini injini za kushoto na kulia hazikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo ya kushoto ikapungua peke yake huku ya kulia ikiendelea kusukuma. Meli ikapinda kushoto, mbele ya Alnic MC, meli ya mafuta yenye bendera ya Liberia. Tangu tangazo la usukani hadi kugongwa ni dakika tatu hivi. Wakafa mabaharia 10, wote wakiwa bwenini.

Baadhi ya waliokuwa kwenye meza zile walikuwa wameazimwa kutoka USS Antietam, ambayo mitambo yake ya kuongozea ni tofauti. Kwa nini Antietam ilikuwa na watu wa kuazima? Kwa sababu ilikwama kwenye maji ya kina kifupi karibu na Yokosuka mwezi Januari mwaka huohuo. Na mwezi Mei, USS Lake Champlain ilikuwa imegongana na mashua ya wavuvi wa Korea Kusini. Ajali nne, mwaka mmoja, eneo moja la Pasifiki Magharibi, chini ya kikosi kimoja, Kikosi cha Saba. Atakayekuambia kwamba hilo lilikuwa kosa la nahodha mmoja mmoja, usimkubalie.

Kuna jambo kwenye McCain ambalo linaniuma kila ninapolisoma. Meli ikikaribia njia nyembamba, kikosi kamili cha watu wenye uzoefu zaidi hupangwa kwenye vituo vyao mapema. Nahodha alikipanga kwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa alitaka watu wapate usingizi zaidi. Meli iligongwa saa kumi na moja na dakika 24. Wachunguzi wa usalama wa usafirishaji wa Marekani walipopiga hesabu, walikuta waliokuwa zamu walikuwa wamelala wastani wa saa 4.9 katika saa 24 zilizotangulia. Nahodha huyo alikosea, na alikiri mahakamani kwamba alizembea kazi. Lakini uamuzi wake ulikuwa wa mtu aliyewaona vijana wake wamechoka na hana wengine wa kuwabadilisha.

Hapa ndipo watu wanapoingia. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ile inayokagua kwa niaba ya Bunge la Marekani, iliripoti kwamba mabaharia wa manowari walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa wiki. Linganisha na sheria itakayokulinda wewe. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, STCW, unakupa mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Kwa hiyo ratiba ya kawaida ya manowari zile ingefanya meli yako ya mizigo izuiwe bandarini Mombasa au Dar es Salaam na mkaguzi yeyote aliye makini. Manowari hazibanwi na mkataba huo. Nchi huziachia zijiwekee utaratibu, na utaratibu wa kujiwekea mwenyewe ndio wa kwanza kuvunjwa kazi ikizidi.

Uchache huo ulipangwa mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makao makuu yaliamini kwamba kompyuta zimepunguza haja ya watu, wakaanzisha mpango wa kupunguza mabaharia katika kila meli, wakauita wa kutafuta idadi inayofaa zaidi. Mishahara ndiyo gharama kubwa ya kila mwaka, kwa hiyo kwenye karatasi ulionekana ushindi. Kwenye sitaha kutu haikupungua kwa sababu kompyuta imefika. Mtu bado alitakiwa kukwangua, kupaka rangi, kupika, kulinda lango na kuzima moto, na kazi za watu watatu zikamwangukia mmoja. Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na admirali mstaafu, Phillip Balisle, liliandika waziwazi kwamba meli zinaharibika na watu hawatoshi. Ripoti ikasomwa. Watu walianza kurudishwa kidogokidogo, lakini pengo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa.

Mwaka 2003 lilifanyika jambo ambalo mimi, kama mwalimu, naliona baya zaidi. Maafisa vijana wa manowari walikuwa wakipitia kozi ya miezi kadhaa Newport, Rhode Island, kabla ya kukabidhiwa zamu. Kozi hiyo ilifutwa ili kuokoa fedha. Badala yake kijana alipelekwa moja kwa moja melini na kupewa rundo la diski za kompyuta ajisomee. Nani angekuwa na muda wa kujisomea kwenye wiki ya saa 100? Na nani angemfundisha, ilhali aliye juu yake naye kalelewa na diski zilezile? Mafunzo ya namna hii yaliboreshwa tena baada ya miaka, lakini kizazi kizima cha maafisa kilipita katikati. Baada ya ajali, mwaka 2018, jeshi liliwapima maafisa wa zamu 164 kwenye mtambo wa kuigiza safari. Waliofanya bila dosari ya kutia wasiwasi walikuwa 27. Wenye dosari kiasi walikuwa 108, na 29 walikuwa na dosari kubwa. Walichoshindwa ndicho kile kile cha mwanzo: kutumia rada na kutekeleza kanuni za kupishana pale meli nyingine inapokuja karibu.

Sasa fedha. Hapa wengi hukosea kwa kusema Marekani haikuwa na fedha. Fedha zilikuwepo, ila zilikwenda kwenye vitu vinavyoonekana. Tarehe 22 Julai 2017, katikati ya ajali hizo mbili, ilizinduliwa rasmi USS Gerald R. Ford, meli ya kubebea ndege iliyogharimu karibu dola bilioni 13. Kabla ya hapo kulikuwa na manowari za aina ya Zumwalt: zilipangwa 32, gharama zikapanda mno, zikajengwa tatu tu. Kujenga meli kunaleta ajira kwenye jimbo la mbunge, na siku ya kuishusha majini kuna bendi na picha. Kumfundisha luteni kusoma rada hakuna picha. Bajeti ikibanwa, kinachokatwa ni kile ambacho kukosekana kwake hakuonekani mwaka huohuo: mafunzo, vipuri na matengenezo.

Na ilibanwa kweli. Sheria ya kudhibiti bajeti ya mwaka 2011 ilileta makato ya lazima yaliyoanza kuuma Machi 2013. Juu ya hayo, Bunge lao mara nyingi halimalizi bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Oktoba, hivyo serikali huendeshwa kwa bajeti za muda. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo la siasa. Kwa msimamizi wa chelezo, mahali meli zinapotengenezewa, ni balaa: hawezi kuanza mkataba mpya, hajui aajiri mafundi wangapi, na meli iliyopangiwa kuingia chelezoni Novemba inasubiri. Nyambizi USS Boise ndiyo mfano wa kusikitisha kupita yote. Ilirudi kutoka safari yake ya mwisho mwaka 2015, ikakosa nafasi ya matengenezo, mwaka 2017 ikapoteza ruhusa ya kupiga mbizi, na mkataba wa kuitengeneza hasa ulisainiwa mwaka 2024.

Wakati huohuo kazi haikupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 manowari za Marekani zilikaribia 600. Mwaka 2017 zilikuwa chini ya 280. Lakini zile zilizoko safarini wakati wowote zilibaki karibu 100, miaka yote hiyo. Mwenye mabasi 20 na ruti 10 anaweza kupeleka basi gereji kwa zamu. Akibakiwa na mabasi 10 na ruti ni zilezile 10, gereji ataisikia tu kwa jina. Meli zilizokaa Japani ndizo zilizobeba mzigo mkubwa zaidi: Korea Kaskazini ikirusha kombora, zinaitwa, China ikijenga kisiwa, zinaitwa. Hazikutengewa kabisa kipindi maalumu cha mafunzo kama zilizokaa bandari za nyumbani. Kufikia Juni 2017, vyeti 37 kati ya kila 100 vya uwezo wa kivita vya mabaharia wa manowari kubwa za Marekani zilizokaa Japani vilikuwa vimekwisha muda, navyo ni pamoja na vya uongozaji wa meli. Miaka miwili kabla vilikuwa saba katika 100.

Nimekuahidi sababu za kuchagua uongozi. Ni hii. Cheti kilipoisha muda, meli haikuzuiwa. Uliandikwa mpango wa karatasi wa kupunguza hatari, ukasainiwa, meli ikang'oa nanga. Mwanzoni ilikuwa dharura, halafu ikawa desturi, na mwishowe anayekataa kusaini ndiye aliyeonekana mkorofi. Hakuna bajeti iliyomshika mtu mkono asaini. Kila jeshi la wanamaji duniani, tajiri na maskini, lina fedha pungufu kuliko linavyotaka. Kazi ya admirali ni kupima alichonacho, kisha kumwambia waziri na rais: kwa meli hizi na watu hawa tunaweza safari hizi, zile hatuwezi. Katika utamaduni wao, kama ilivyo kwa majeshi mengi, sifa ni kusema "tutaweza". Uchunguzi ulioongozwa na Admirali Philip Davidson, uliotolewa Novemba 2017, ulilitaja hilo bila kuficha: moyo wa "tutaweza" uligeuka hatari pale ambapo hakuna aliyeruhusiwa kusema imetosha.

Wapo waliosema, na haki yao tuwape. Makamu Admirali Thomas Copeman, aliyesimamia manowari za juu ya maji, alishauri mwaka 2013 kwamba afadhali kuwa na meli chache zilizokamilika kwa watu, mafunzo na matengenezo kuliko nyingi zilizo nusunusu. Ushauri haukufuatwa. Joseph Aucoin, mkuu wa Kikosi cha Saba, baadaye alieleza hadharani kwamba aliwaonya wakubwa wake kuwa meli zake zinaelemewa. Yeye aliondolewa madarakani tarehe 23 Agosti 2017, siku mbili baada ya ajali ya McCain, akiwa amebakiza majuma machache kustaafu. Sisemi hakustahili kuwajibika. Nasema adhabu zilishuka kwa kasi kuelekea sitahani na zilipanda polepole sana kuelekea ofisi za Washington, ambako idadi ya watu na urefu wa kozi viliamuliwa.

Kikosi hichohicho cha Saba kilikuwa na kidonda kingine. Leonard Glenn Francis, mfanyabiashara wa Malaysia aliyehudumia manowari bandarini Asia, aliwahonga maafisa kwa fedha, hoteli na wanawake ili wampe siri za ratiba na kuzielekeza meli kwenye bandari alizozimiliki kibiashara. Alikamatwa San Diego mwaka 2013, akakiri kuliibia jeshi zaidi ya dola milioni 35, akatoroka mwaka 2022, akarudishwa, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Makumi ya maadmirali walichunguzwa, na wengi walisimamishiwa vyeo na uhamisho kwa miaka. Fikiria baharia wa kawaida, amelala saa tano, akisoma kwamba wakubwa wake walikuwa wakilipiwa karamu kwa fedha iliyoibwa kwenye huduma za meli. Huyo hutamshawishi kuongeza mkataba.

Je, wamejirekebisha? Kwa sehemu, na sehemu hiyo si ndogo. Ile mipango ya karatasi ya kuruhusu meli zisizo na vyeti ilifutwa. Mafunzo ya maafisa wa zamu yamerefushwa na kupewa mitambo bora ya kuigizia. Kila afisa sasa ana daftari la kuandikia saa zake za zamu na aina za hali alizopitia, kama mabaharia wa biashara tulivyofanya siku zote. Zile skrini za kugusa za kudhibiti mwendo waliamua kuziondoa na kurudisha vishikio vya kusukuma kwa mkono, baada ya mabaharia wenyewe kusema hawazitaki. Ratiba za zamu zimepangwa upya zifuate mwili wa binadamu. Haya ni mambo mazuri, na nimeyaona yakinukuliwa kwenye vyuo vya meli za biashara pia.

Lakini tarehe 12 Julai 2020 manowari USS Bonhomme Richard ilishika moto ikiwa imefungwa gatini San Diego, kwenye matengenezo. Iliungua zaidi ya siku nne. Kulikuwa na kitufe cha kumwaga povu la kuzimia moto; hakikubonyezwa kwa wakati kwa sababu waliokuwepo hawakujua kukitumia. Vituo vingi vya kuzimia moto melini havikuwa vinafanya kazi. Meli yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja ikauzwa chuma chakavu. Ukisoma ripoti yake baada ya zile za 2017, unaona maneno yaleyale: mafunzo, watu, usimamizi wa juu usiofuatilia.

Na watu bado ni shida. Mwaka wa fedha 2023 walikosa zaidi ya vijana 7,000 wa kuandikisha kufikia lengo lao. Mwaka uliofuata walilifikia, baada ya kulegeza masharti na kuongeza waandikishaji, ila kijana aliyeandikishwa leo anahitaji miaka kabla hajawa fundi mkuu wa injini, na nafasi za aina hiyo ndizo zilizo wazi melini. Mwaka 2021 wakaguzi wale wa Bunge walirudi kuwauliza maafisa wa manowari wanalala kiasi gani. Karibu theluthi mbili walijibu saa tano au pungufu.